Ikinuka, Bado

Alikuwa akinuka. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe angeanza na hilo, na kwa sababu kila aliyemjua pale Bigwa, ukimuuliza leo, atashika pua kwanza ndipo amkumbuke. Uchafu wa mwili haukuwemo. Mtu huyo alioga kuliko sisi sote, kijitoni, kwa mchanga na majani, mpaka ngozi ikang'aa. Harufu ilikuwa ya kazi yake. Muuza samaki hunuka samaki, mtengeneza ngozi hunuka ngozi, na yeye alikuwa mpika mbolea. Alisema hivyohivyo, kupika. Watu wengine walitupa taka, yeye alipika.

Mimi nilimwita Mtani. Kwa ndoa alikuwa mume wa mama yangu mkubwa, kwa hiyo ningepaswa kumwita baba na kuinamisha kichwa nikimwona. Lakini ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu zamani, na kati ya ubaba na utani yeye alichagua utani, maana baba hana ruhusa ya kumwambia binti wa shemeji yake kwamba ana kichwa kama boga la msimu mbaya. Mtani anayo. Mtani anaweza kukutukania babu, kuingia jikoni kwako akabeba chungu, kumfukuza jogoo wako mpaka amkamate, na wewe unacheka. Ukikasirika umeshindwa, na utasimuliwa ubaya huo mpaka kaburini. Hiyo ndiyo sheria, na kwetu Uluguru ilikuwa na nguvu kuliko ya Mdachi, yule Mjerumani aliyetutawala. Mdachi alikuwa na bunduki, lakini hakuna aliyeona haya mbele yake.

Basi Mtani aliutumia utani wake wote kukusanya mavi. Hakuiba kuku wa mtu hata mmoja. Aliiba waliyoyaacha kuku. Utaamka asubuhi ukute banda limefagiwa, safi, na nyayo zake kubwa zimeelekea kwake. Mama yangu alikuwa akipiga kelele kwa mazoea tu. "Mtani, hata mavi ya kuku wangu hukuniachia!" Naye hujibu kutoka upande wa pili wa migomba, "Ulikuwa na mpango nayo?"

Kuhusu samadi alikuwa na maoni kama watu wengine walivyo na maoni kuhusu majirani. Ya mbuzi aliipenda, kavu, tulivu, haina makuu, ila mvivu wa kuoza. Ya kuku aliiogopa. "Kuku ni shemeji," alisema. "Mwache apoe kwanza nje, ndipo umkaribishe ndani. Ukimwingiza na moto wake ataunguza nyumba." Ya ng'ombe ilipatikana kwa taabu, kutoka kwa wafugaji walioshusha mifugo yao mjini kutokea pande za Dakawa, na aliipokea kwa shukrani na mashaka, kwa sababu ng'ombe hula mbegu za magugu na kukuletea zote shambani zikiwa hai. Majivu yalikuwa chumvi, kidogo kwa migomba na vitunguu, na atakayemwaga kikapu kizima ale mwenyewe. Majani ya kunde baada ya kuvuna, ndiyo. Vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa, ndiyo. Majani ya mkaratusi, ule mti wa Kizungu uliopandwa karibu na boma, hapana, hata kwa fimbo. Alisema mti huo una choyo, tazama chini yake kama kuna kinachoota.

Na lundo lake lilijengwa kwa utaratibu ambao angeweza kuuimba. Chini mabua makavu, ili lipumue. Juu yake majani mabichi. Juu yake samadi. Juu yake udongo kidogo, kama unavyotia unga juu ya mchuzi, kisha maji, kisha mabua tena. Akifika kimo cha kifua hufunika kwa majani ya migomba, na kuchomeka kijiti kirefu mpaka katikati ya tumbo la lundo. Kijiti hicho ndicho kilikuwa ulimi wake. Alikichomoa na kukigusisha shavuni, akafumba macho. Kikiunguza, aliliacha. Kikiwa na joto la uji uliokaa, aligeuza. Kikiwa baridi, alitukana, akalipa lundo chakula zaidi. Siku moja alichimbia kiazi kitamu humo ndani na kukitoa kimeiva. Alimpa kila aliyepita. Hakuna aliyekula ila mama mkubwa, naye alikula kwa kumkomoa.

Mwisho wa yote ilikuwa pua. Alichota konzi, akanusa, akatoa hukumu yake, ambayo sisi watoto wa Bigwa tuliijua kabla ya kujua kuhesabu: "Ikinuka, bado. Ikinukia, tayari."

Maana mbolea iliyopikika hainuki tena. Inanukia kama ardhi iliyopigwa na mvua ya kwanza. Mwanzoni sikuamini kwamba kinyesi kinaweza kufika huko. Nilidhani ni maneno ya mzee aliyekwisha kuzoea.

Msikitini alikuwa msiba. Alitawadha vizuri, alivaa kanzu aliyoitunza mbali na lundo, aliwahi safu ya mbele, na bado kulikuwa na pengo kulia na kushoto kwake. Imamu aligeuka na kusema, kama desturi, tuzibe nafasi. Watu walivuta pumzi, wakasogea. Ndugu zangu wa kiume waliniambia kwamba hakuna sala iliyosaliwa kwa unyenyekevu wa haraka kama ile iliyokuwa na Mtani katikati ya safu. Yeye hakujali. Alisema Mungu alimuumba Adamu kwa udongo, hakumuumba kwa marashi.

Lakini alikuwa na mipaka yake, na mipaka hiyo ilikuwa na milango. Kule juu mlimani, misheni, mapadre walifuga nguruwe, na mtunza bustani wa pale, Mluguru mwenzetu aliyebatizwa, alimwambia achukue samadi ya nguruwe kadiri apendavyo. Mtani aliguna siku nzima. Kisha akateremka nayo, akailaza peke yake, mbali na lundo lake, akaimwaga kwenye tumbaku tu. Mwalimu wa chuo cha Kurani alipomuuliza, alijibu kwamba yeye havuti tumbaku. Wavutaji walikuwa askari wa boma. "Nao wana madhambi makubwa kuliko hilo," alisema. Mwalimu alicheka mpaka kofia ikamwanguka, na hakutoa jibu lolote la dini.

Ni huko misheni ndiko alikojifunza neno lake moja la Kijerumani. Mtunza bustani alimfundisha: samadi ya zizini, Wadachi huiita *Mist*. Neno fupi, rahisi, na Mtani akalichukua na kuteremka nalo kama mali. Hakuambiwa kwamba Mdachi akikwaa kidole, au akimwaga kahawa, au mambo yake yakiharibika, hupayuka neno hilohilo kwa hasira.

Wakati huo wanaume walikuwa wakikamatwa kwa kazi za boma, kulima barabara, kubeba mawe, na wenzake walijificha hata juu ya dari. Mtani alijipeleka mwenyewe, akaomba zizi la nyumbu, wale chotara wa punda na farasi. Wakamdhania punguani, wakampa. Bwana msimamizi wa zizi alikuwa na ndevu kama ufagio na bahati mbaya na wanyama. Siku ya kwanza nyumbu akamkanyaga mguu, naye akapiga kelele, "*Mist!*"

"Ndiyo, bwana," Mtani akasema, akajaza kikapu, akatoka nacho.

Alasiri bwana akaangusha funguo kwenye ndoo. "*Mist!*" Kikapu cha pili. Kesho yake kamba ikakatika. Kikapu cha tatu. Askari wa langoni akamzuia, akitaka kujua nani amempa ruhusa ya kutoa mali ya serikali.

"Bwana mwenyewe," Mtani akajibu. "Tena hachoki kunikumbusha."

Wakampeleka kwa bwana, na kila mtu pale alijua kinachofuata. Kiboko kilikuwa kimetundikwa ukutani, na hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, haikuhitaji kosa kubwa. Bwana alikuwa barazani na mkewe, wanakunywa chai. Mkalimani akauliza. Mtani akasema, kwa adabu zote, mikono imefungwa tumboni, kwamba bwana alimwamuru achukue samadi. Alimwamuru vipi? Mtani akavuta pumzi, akalipayuka neno lile jinsi lilivyopayukwa, na sauti ya bwana yenyewe, na mguu uliokanyagwa wenyewe. Mke wa bwana akaweka kikombe chini. Akamtazama mumewe, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kuinuka na kuingia ndani. Mzungu akawa mwekundu, akatikisa mkono kama anafukuza nzi. Tangu siku hiyo samadi ya nyumbu wa boma ikawa ya Mtani, na kabichi zake zikawa zikipanda hadi jikoni kwa bwana huyohuyo, aliyezila bila kujua kwamba anakirudia alichokitukana.

Nisikufanye udhani alikuwa mtu mwema tu. Kabichi alikugawia bure, tena kubwa. Lakini ukimwomba konzi ya mbolea aligeuka kiziwi. Mtu alimwona akirudi kutoka kwenye harusi, katikati ya ngoma, kwa sababu amekumbuka kwamba hakufunika lundo na mawingu yamekusanyika. Mama mkubwa alisema ameolewa uke wenza na jalala. Na alimpenda mama mkubwa, hilo tulilijua, ila hakuna aliyewahi kumsikia akilitamka.

Mama mkubwa alipofariki, watani walikuja kufanya kazi yao, kutania msiba ili watu wasilemewe. Mtani alikuwa mfiwa na mtani kwa pamoja. Alisimama mbele ya kaka wa marehemu, mjomba wangu mkuu, akasema, "Mlinipa mwanamke mvivu. Ameondoka na lundo halijageuzwa." Watu wakacheka kwa machozi. Baadaye nilipita nyuma ya nyumba kuchukua kuni, nikamkuta amepiga magoti, amezamisha mikono ndani ya lundo mpaka kwenye viwiko, analia. Nilirudi bila kuni.

Sasa nieleze jambo lenyewe. Kwetu ardhi hufuata mama. Bustani ile ilikuwa ya lukolo, yaani ukoo, upande wetu, na mwanamume aliyeoa huilima maadamu mke yupo. Mke akifa, ardhi hurudi kwa wenyewe, na katika hesabu ya wenyewe aliyefuata nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeolewa karibuni, nina mtoto mgongoni, na shamba langu lilikuwa kwenye mteremko ambao mvua iliuosha kila masika. Niliitaka bustani ile. Kila mwanamke wa Bigwa aliitaka. Udongo wake ulikuwa mweusi, laini, ukiuchomeka mkono unazama mpaka kwenye kifundo.

Baada ya arobaini mjomba akaja na wazee wawili, wakakaa uani. Mimi nilikuwa nimekaa na mama yangu karibu na mlango.

"Shemeji," mjomba akaanza, "dada yetu ametangulia. Mila unaijua. Ardhi inarudi kwa wenyewe."

"Sawasawa," Mtani akasema. "Na udongo?"

"Udongo gani?"

"Shemeji, mlinipa mawe. Nilipokuja hapa hata muhogo ulikuwa ukichungulia nje na kurudi ndani. Uongo?"

Wazee wakatazamana. Haikuwa uongo.

"Mawe yenu nawaachia," akasema. "Yote. Hata moja siibi. Lakini udongo niliupika mwenyewe, nitahama nao."

Uwanja mzima ulicheka, na mjomba alicheka kuliko wote, kwa sababu utani mzuri haupingwi. Asubuhi hatukucheka. Mtani alikuwa na jembe na vikapu, anauparua udongo kuanzia ukingo wa juu, anaubeba kichwani, anavuka kijito mpaka kwa dada yake, anaumwaga huko. Kila alipokutana na mtu alimwamkia kama kawaida. Kabichi aliziaga mojamoja.

Siku ziliposonga, mwamba mweupe ukaanza kutokeza juu ya bustani kama upara. Watu walitoka hata mjini kuja kutazama. Mjomba alikuja akasimama pembeni, fimbo mkononi, na ndipo nilipoielewa akili ya Mtani. Angekuwa shemeji tu, mjomba angemfukuza kwa kelele. Lakini alikuwa mtani, na mtani amechukua kitu kwa mzaha, mbele ya watu. Mjomba akikasirika, ameshindwa.

Mtani alitua kikapu mbele yake. "Shemeji, umekasirika?"

"Nani? Mimi? Sijakasirika."

"Mbona mshipa wa shingo umesimama?"

"Ni jua," mjomba akasema, na watu wakaangua kicheko, naye akacheka pia, meno nje, macho yamemtoka. Alirudi nyumbani akalala na homa.

Mimi sikuwa na homa. Nilikuwa na hasira za mtu anayeona chakula chake kinamwagwa. Nilimfunga mtoto vizuri mgongoni, nikavuka uwanja, nikakinyakua kikapu kilichojaa, nikakipindua pale kilipotoka. Kisha nikakaa juu yake.

"Na mimi ni mtani wako," nikamwambia. "Kikapu nimechukua. Umekasirika?"

Jasho lilikuwa likimtiririka, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ni mzee, na kwamba hakuwa na pa kwenda na udongo wake wala bila udongo wake. Kwa dada yake kulikuwa na kijiuwanja cha kuanikia tu. Alikuwa anaubeba ili asifukuzwe. Nikamwonea huruma na bado nikaitaka bustani, vyote viwili kwa pamoja.

"Boga," akasema, "unataka nini?"

"Nataka bustani na udongo wake."

"Na mimi je?"

Nikafikiri. "Kaa. Lima. Ukifa, yangu, na udongo wote ndani."

"Na nani atageuza lundo? Mgongo umekwisha."

"Mimi."

Akatazama watu, akatazama kijito alichokivuka na vikapu vile vyote. "Sawa," akasema.

"Utakufa lini?" nikamuuliza.

Mama yangu akajifunika uso kwa khanga. Lakini Mtani alifurahi, nilimwona, uso mzima ulimfunguka.

"Sheria unaijua," akasema. "Nikinuka, bado. Nikinukia, njoo uchukue."

Mjomba alipoletewa habari homa ikamtoka. Udongo uliokwisha kuvuka tuliurudisha pamoja, Mtani akisimamia akiwa amekaa.

Ndivyo tulivyoishi miaka. Kila asubuhi nilipita kwake nikiwa na jembe. "Shikamoo, Mtani." "Marahaba, Boga." Kisha nilinyoosha shingo nikamnusa mbele ya watu wote, nikatikisa kichwa kwa masikitiko. "Bado." Naye hujipiga kifua. Wageni walidhani tumechanganyikiwa. Nilijifunza kijiti, nikajifunza shavu. Nilijenga lundo langu kando ya lake, naye kila akilinusa alitema mate pembeni na kusema linanuka kama uongo. Hakuwahi kulisifu hata mara moja.

Vita ya Mdachi na Mwingereza ilipofika, Wadachi wakaondoka Morogoro wakikimbia na nyumbu wao. Watu walifurahi, wengine waliogopa, Mtani alihuzunika waziwazi kando ya barabara. "Nendeni salama," aliwaambia nyumbu. Kwa Wadachi hakusema kitu.

Vuli hiyo akaanguka. Dada yake alikuja kukaa naye. Sikuwa nimemwona kwa siku kadhaa kwa sababu mtoto wangu naye alikuwa akiumwa, na nilipokuja nilikuwa nimebeba konzi kutoka kwenye lundo langu, nimeifunga kwenye jani, ili tupate la kugombania. Mvua ya kwanza ilikuwa imeanza kudondoka juu ya makuti. Dada yake alikuwa amemwosha, amembadilisha shuka.

"Shikamoo, Mtani."

"Marahaba, Boga. Umeleta nini?"

Nikamsogezea jani puani. Alinusa, akafumba macho, akanusa tena. Nikasubiri atukane.

"Inanukia," akasema.

Nilikuwa nimeingoja kauli hiyo miaka yote, na ilipokuja sikuifurahia hata kidogo.

"Na mimi?" akauliza. "Ninuse."

Nikainama. Sijui ilikuwa ni yeye, au konzi ile mkononi mwangu, au mvua inayoingia mlangoni. Hakukuwa na samadi wala jasho. Chumba kizima kilikuwa na ile harufu moja tu, nzuri, ya ardhi iliyopata maji. Nilimpenda mzee yule, nilikuwa sijamwambia, na sheria yetu haikuwa na nafasi ya kumwambia.

"Unanuka, Mtani," nikasema.

"Sana?"

"Sana. Hata nzi wamehama."

Akacheka bila sauti, kifua tu kikipanda na kushuka. "Muongo wewe." Kisha akauliza, "Bustani utaipata lini, ukiendelea hivi?"

"Leo siitaki."

Alikuwa akisikiliza mvua, nadhani alikuwa akiipima kama alivyopima kila kitu. "Haya," akasema mwishowe. "Nenda kageuze lundo kabla halijalowa."

Nikatoka, nikachukua uma wa mti alioutumia yeye, nikaanza kuligeuza lundo lake, chini kwenda juu, kama alivyonifundisha. Lilikuwa limepikika zamani, halikuhitaji kugeuzwa. Niliendelea kuligeuza mvuani mpaka dada yake aliponiita.